Gasketi Iliyoitwa Mama

Kilosa,
Jumamosi, 20 Januari 2024

Baba Mdogo Shigela,

Shikamoo.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Evarist, kondakta wa basi la Mikumi. Umeandika mstari mmoja: "Sema kilichofanyika kwenye Fuso la Mama Yusta nilipokuwa msibani Zombo." Naahidi nitasema yote, na nikimaliza hakutakuwa na jambo la gereji yako ninalolijua mimi usilolijua wewe.

Siku ile ya likizo yangu hapo ulipoondoka, Cleopa, fundi wako wa Dar, alingoja gari lako lipotee kwenye kona, kisha akafungulia muziki. Hicho kilikuwa kitendo chake cha kwanza kama msimamizi. Mchana alikuja Mama Yusta kulalamika kwamba Fuso lake linachoka mlimani likibeba vitunguu vya Lumuma. Wewe ulikuwa umeagiza kichujio cha hewa kisafishwe, mengine yakungoje. Cleopa akacheka. "Mzee anatibu malaria kwa kufuta jasho," akasema, akafungua hedi, kile kichwa cha injini.

Nitakuwa mkweli hata pale ukweli unapomsaidia. Alinionyesha mahali moshi unapotoka kwenye hedi na kuingia kwenye manifoldi ya eksozi, kabla haujaenda kuizungusha tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Nilipitisha kidole. Matundu hayakukutana vizuri. Palikuwa na kizingiti, na moshi ukipita ulikuwa unajikwaa. Alisema atakiondoa ili injini ipumue. Hilo lilikuwa na maana. Yaliyofuata sina hakika nayo.

Alimtoa Mama kwenye msumari wake, ile gasketi unayokatia gasketi nyingine zote za Fuso, akamlaza juu ya uso wa hedi. Akaniomba rangi ya kucha. Nikamwambia wanafunzi hatupaki kucha. Akaenda dukani akanunua nyekundu, akaipaka kufuata ukingo wa kila tundu la Mama. Kisha akachukua ile grainda yake ndogo yenye kichwa kama kidole, akasaga chuma mpaka kwenye rangi, hedi kwanza, halafu manifoldi. Alipomaliza kupanua akapiga msasa mpaka matundu yakang'aa kuliko sufuria za harusi. Sijui moshi una haja gani ya kujitazama kwenye kioo.

Halafu akajipiga picha akiibusu manifoldi. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Mimi nilishika tochi. Nilipoona unga wa chuma umetanda ndani, nilisema, "Kaka, huu ukifika kwenye tabo utakula mapanga yake." Akapuliza kwa mdomo kama mtu anayepoza uji. "Tayari," akasema. Basi nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya kufulia na brashi ya chupa ya mtoto, nikaosha hedi na manifoldi, tundu kwa tundu, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Cleopa akaniita mama ntilie. Mama Mdogo Jenipher alikasirika kuhusu ile brashi, na ana haki.

Uliporudi, Cleopa alikuambia amebadilisha gasketi tu. Mimi hukuniuliza. Uliniuliza kama chai ipo.

Hayo ndiyo yote. Nakukumbusha pia, kwa adabu, kwamba ulisema utazungumza na Baba kuhusu mimi kwenda chuo cha ufundi wa magari nikimaliza kidato cha nne, kama utaona nina akili ya gereji na si ya vitabu peke yake. Baba husikiliza watu wachache, na wewe ndiye wa kwanza. Nangoja.

Mwanao,
Limi Nyanda

Mikumi,
24/1/2024

Limi,

Marahaba.

Kurasa nne! Mimi ningesema hivi: mpumbavu kapata mashine. Yamekwisha.

Nimefungua gereji hii kabla baba yako hajaswaga ng'ombe wake kutoka Usukumani kuja Zombo. Sijawahi kuona injini inayotaka rangi ya kucha. Nimemtukana Cleopa kwa Kisukuma mbele ya mafundi wote, naye akaitikia, "Asante, mzee." Huyo ndiye fundi tuliyeletewa kutoka Dar es Salaam.

Ila Fuso limekwenda Lumuma na limerudi na mzigo. Mama Yusta anasema linapanda kama swala. Amenisifu pale kwenye mizani ya malori mbele ya madereva, nami nikamwambia ndiyo kazi zetu hizo. Gereji ni ya nani?

Kuhusu chuo. Kushika tochi si ufundi, hata nguzo ukiifunga tochi itashika. Na kuosha vyuma kwa sabuni ya kufulia ni mambo ya jikoni. Siwezi kwenda kwa kaka yangu nikamwambia, "Binti yako kaosha vyombo vizuri, mpeleke chuo." Nikiona kitu cha kusema, nitasema.

Jenipher anasalimia. Ulete brashi nyingine.

Shigela Masunga

Kilosa,
Jumamosi, 3 Februari 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nimefurahi kwamba Fuso linapanda kama swala. Nimefurahi pia kwamba kazi uliyoiita ya mpumbavu imekuwa kazi yenu mara tu iliposifiwa kwenye mizani.

Nimemuuliza mwalimu wetu wa Fizikia, Mwalimu Happyness, kuhusu matundu yaliyopanuliwa. Alitupeleka bustanini, akafungua bomba, akaubana mdomo wa mpira kwa kidole. Maji yakaruka mpaka kwenye ua. Akaachia kidole, yakaanguka miguuni pake. Akasema tundu likizidi upana, kinachopita humo kinapunguza mbio. Basi nami nikawaza: tabo huzungushwa na mbio za moshi. Kama Cleopa amepita kiasi, tabo itakuwa mvivu kuamka, na dereva atakanyaga mafuta bila kupata jibu. Naomba umuulize dereva wa Mama Yusta.

Sisemi kwamba najua. Nasema naomba kuuliziwa.

Mwanao,
Limi

Mikumi,
7/2/2024

Limi,

Mwalimu wako ana gari? Akinunua, alilete nilitazame. Mpaka siku hiyo kidole chake kibaki kwenye mpira wa bustani.

Dereva anasema tabo inaamka vizuri kuliko zamani. Umekosea. Soma Biolojia, uwe nesi.

Shigela Masunga

Mikumi,
Jumapili, tarehe 18 mwezi wa pili

Limi dogo, mambo?

Najua huko shuleni mnaandika salamu ukurasa mzima, mimi niko na begi mkononi. Mzee kanifukuza.

Fuso limefia kwenye mlima wa kwanza ukitoka Lumuma. Moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi, rejeta inakunywa maji kama ng'ombe wenu wa Zombo. Vitunguu vya Mama Yusta vilishushwa kando ya njia vikanyeshewa, saa hizi vina majani, unaweza kuvipanda. Tukalivuta mpaka hapa, mzee akafungua hedi. Ndani ya tundu moja la eksozi kuna ufa mwembamba kama unywele, na maji yanachuruzika humo. Ule ukuta wa chuma kati ya moshi na maji umebaki kama ganda la yai. Ulivumilia safari za mwanzo, moto ulipozidi ukaachia.

Akaniita tapeli wa simu mbele ya Mama Yusta. Poa, nimezoea. Lakini sikiliza hii. Mama Yusta akamuuliza, "Shigela, si ulisema ni kazi yenu?" Mzee akababaika, akasema na wewe umo. Eti sabuni ya kufulia uliyooshea ndiyo imekula chuma. Sabuni, Limi! Na watu wazima wakatikisa vichwa. Sasa hapa gereji kitu chochote kikiharibika wanasema, "Kapita Limi na sabuni yake." Jana kiti kimevunjika mguu, wakasema hivyohivyo.

Mimi najua nilichofanya. Nilifuata gasketi. Mafundi dunia nzima wanafuata gasketi, nimeona video nyingi kuliko umri wa huyu mzee. Sikuvuka rangi hata kwa bahati mbaya. Hii hedi ilikuwa mbovu toka kiwandani.

Nasubiri hela ya nauli kutoka kwa kaka, nikiipata narudi Dar. Mji gani huu, tembo akivuka barabara hakuna anayegeuka, ukiwasha grainda wanakimbia.

Cleopa

Kilosa,
Jumamosi, 24 Februari 2024

Kaka Cleopa,

Shikamoo.

Barua yako ilisomwa kwanza na matroni, Bi Ida, kama zinavyosomwa barua zote hapa. Alitafuta mapenzi kwenye kila mstari, hakuyaona, akanirudishia kwa masikitiko.

Kwamba hukuvuka rangi, naamini. Huna bidii ya kuvuka kitu. Lakini rangi ilifuata ukingo wa Mama, na wewe hukuuliza Mama alikatwa na nani, lini, na kwa kazi gani. Hao wa kwenye video zako wanafuata gasketi ya kiwandani iliyotoka kwenye pakiti. Wewe ulifuata kitu ulichokikuta kwenye msumari.

Nina wazo moja na sitaki kulisema kabla halijapimwa. Nyuma ya gereji, karibu na tangi la maji, kuna manifoldi ya lile Fuso lililopinduka. Haijawahi kusagwa na mtu. Kabla hujaondoka, mlaze Mama juu yake, bolti zikae kwenye matundu yake, uangalie ukingo. Uangalie kwa macho, si kwa simu. Kisha uniandikie ulichokiona.

Na tafadhali usiibusu.

Limi Nyanda

Mikumi,
tarehe 27

Limi,

Nimemlaza. Aisee. Matundu ya Mama yanayazunguka ya manifoldi kama gauni la kuazima. Kucha ya kidole kidogo inaingia katikati, pande zote.

Mzee sijamwambia, alikuwa anakula na kisu kiko mezani. Mwambie wewe, una maneno mazuri. Mimi nimeshapanda basi.

C.

Mikumi,
1/3/2024

Limi,

Nimesikia kwa Evarist kwamba unaandikiana na yule tapeli. Msichana wa shule, na fundi aliyefukuzwa! Ningekuwa baba yako tungeongea lugha nyingine. Bahati yako mimi ni mdogo wake.

Likizo hii utakuja hapa kama kawaida, Jenipher anahitaji msaada na mtoto. Utakaa nyumbani, jikoni. Gereji usikanyage. Mafundi wanakucheka na mimi sina nguvu ya kukutetea kila siku. Habari ya chuo usiniletee tena.

Fuso nalitengeneza, maana Mama Yusta ameapa halitaingia tena uwanjani kwangu kama halitatoka likipanda kama lilivyopanda mwanzo. Ameonja, sasa hataki injini ya kawaida. Nimepata hedi nyingine na manifoldi yake Morogoro, zinafika wiki ijayo. Nimepata na fundi mwingine, Filipo, mtu mzima, ana watoto, hana muziki. Naye anayo grainda. Nimemwambia atafanya kazi ileile lakini kwa akili: amfuate Mama polepole, asivuke mstari, na asiguse sabuni.

Tabo nimeifungua mwenyewe nikitegemea kuikuta imeliwa na uchafu wa Cleopa. Ajabu, ni safi, mapanga hayana hata mkwaruzo. Mungu ananipenda kuliko ninavyostahili.

Shigela Masunga

Kilosa,
Jumamosi, 2 Machi 2024

Baba Mdogo Shigela,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya maneno yatakayofuata.

Usimruhusu Filipo kuwasha grainda. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika, au ukasirike kwanza halafu usome, mradi Filipo awe amekaa.

Unakumbuka uliponifundisha kukata gasketi? Ilikuwa mvua, hakuna gari lililokuja, ndiyo maana ulikuwa na muda wa kufundisha msichana. Ulimlaza Mama juu ya karatasi ya gasketi, ukachora kwa penseli, ukanipa mkasi. Nikakata juu ya mstari. Ukanipiga kofi la mkononi, ukasema, "Nje ya mstari! Gasketi isichungulie ndani ya tundu, itauzuia moshi." Ulikuwa sahihi. Gasketi zako hazizuii moshi wala hazivuji, na madereva wa barabara kuu wote wanalijua hilo.

Lakini Mama naye huchakaa. Akilowa mafuta na kuchanika, unakata Mama mwingine kutoka kwake, nje ya mstari, unamtundika, wa zamani unawashia moto. Huyu aliyepo sasa si mtoto wa gasketi ya kiwandani. Ni mjukuu, pengine kitukuu, na kila kizazi matundu yake yameongezeka kiuno. Kwa kazi ya kukaa kati ya hedi na manifoldi hana kosa lolote. Kwa kazi ya kuiongoza grainda, anaipeleka moja kwa moja kwenye maji. Wewe hukujua kwamba kuna mtu atamtumia kuwa kipimo cha kusagia chuma. Cleopa hakujua kwamba kipimo kilikatwa kwa mkasi wako. Kila mmoja alikuwa anamdharau mwenzake mno kiasi cha kutouliza swali. Filipo atamfuata polepole na kwa akili, na atafika palepale alipofika Cleopa, ila amechelewa kidogo.

Usiniamini mimi. Mimi nilikosea kuhusu tabo kuwa mvivu. Nilishughulika na mbio za moshi, nikausahau ukuta ulio kati ya moshi na maji. Nenda nyuma ya gereji, kwenye ile manifoldi ya Fuso lililopinduka, umlaze Mama juu yake. Fanya wakati mafundi wamekwenda kula. Hakuna haja ya mtu kukuona. Kama Mama Yusta lazima apate swala wake, hedi ikifika Filipo aondoe kizingiti tu, afuate tundu la manifoldi yenyewe, asiongeze kitu.

Sasa sabuni. Baba Mdogo, nimelelewa kukuheshimu na ninakuheshimu, lakini nashindwa kuiheshimu hadithi hii. Jembe la mama yangu mzazi linaoshwa kwa sabuni ileile toka sijazaliwa, na bado linalima. Gereji nzima ya wanaume wenye spana mifukoni ilishindwa na kipande cha karatasi kilichoning'inia mbele ya macho yao, wakaenda kukamata sabuni. Wakaiamini. Wakacheka. Ningekuwa mimi nimesema jambo kama hilo darasani, Mwalimu Happyness angeniweka nje na mpira wa bustani mpaka nielewe.

Na umeniandikia mwenyewe kwamba tabo umeikuta safi, mapanga hayana mkwaruzo. Ule unga wa chuma ulikuwa umejaa kwenye matundu, nimeuona kwa tochi niliyoishika kama nguzo. Ungepita wote kwenye tabo siku ya kwanza Fuso lilipowashwa. Kwamba Mungu anakupenda sina ubishi. Lakini siku ile alitumia brashi ya chupa ya mtoto.

Sijamwandikia Baba lolote kati ya haya. Sitamwandikia. Ukimlaza Mama pale ukaona nimekosea, mpe Filipo grainda yake, nami nitakuja kukaa jikoni bila neno, na habari ya chuo nitaifuta mwenyewe. Ukiona sikukosea, naomba mambo mawili. Mwambie Mama Yusta kwamba sabuni haikula chuma, na umwambie palepale uliposemea ya kwanza, mafundi wakiwepo, kwa sauti ileile. La pili unalijua.

Brashi mpya ya mtoto nimeinunua, nitaileta.

Barua hii nampa Evarist sasa hivi. Anageuza kutoka Mikumi Jumatatu asubuhi, na nimeshaomba ruhusa kwa Bi Ida ya kumngoja getini. Huna haja ya kuandika kurasa nne. Neno moja linatosha, hata nyuma ya tiketi: nikishuka hapo likizo, nitashika spana au sufuria?

Mwanao,
Limi Nyanda